Nasaha kwa Anayeiunganisha Kompyuta ya Mezani na Mtandao

Miongoni mwa vyombo vyote vilivyomo ndani ya kompyuta ya mezani, hakuna kinachobebeshwa lawama zisizo zake kama kadi ya mtandao, ambayo wengine huiita adapta. Kwani mtu akishindwa kufungua barua zake, au kupeleka hesabu za duka kwa mamlaka ya kodi, la kwanza kumjia akilini ni kwamba kadi imekufa, na la pili ni kumwita kijana wa mtaani ambaye atafuta kila kilichomo ndani ya mashine, aipakie Windows upya, kisha aondoke na ujira wake, ilhali asili ya taabu yote ilikuwa ni kichwa cha kebo kilichovunjika ulimi nyuma ya meza. Kazi ya kuiunganisha kompyuta na mtandao ina taratibu yake, nayo huanza chini, kwenye waya, ikapanda kwenye taa, kisha kwenye draiva, kisha kwenye anwani, na mwisho kwenye majina. Na anayeifuata kwa mpango huo, asivuke hatua moja kabla hajapata yakini ya ile iliyotangulia, aghalabu humaliza kazi kabla chai haijapoa.

Nasema hasa na yule aliyenunua kompyuta iliyokwisha kutumika, maana ndiyo iliyoenea kwetu: zile Dell, HP na Lenovo ambazo maofisi ya Ulaya na ya nchi za Ghuba huziacha zikiwa bado na uhai, zikaja kuuzwa Kariakoo mjini Dar es Salaam, au katika barabara ya Luthuli mjini Nairobi, kwa ajili ya duka, shule au zahanati. Mashine hizi zilitengenezwa kwa ofisi zilizokuwa na kebo kwenye kila meza, kwa hiyo karibu zote zina tundu la kebo lililofungwa moja kwa moja kwenye ubao mama, na nyingi hazina Waifai kabisa. Mnunuzi asiyelijua jambo hili huifikisha nyumbani, akatafuta jina la mtandao wake kwenye skrini asilione, akadhani amepunjwa. Hakupunjwa. Ana njia tatu mbele yake: kulitumia tundu lililopo kwa kebo, au kuchomeka adapta ndogo ya Waifai katika tundu la USB, au kufungua kifuniko na kuitia kadi ndani, katika nafasi ya PCI Express, lakini hapo atazame kwanza umbo la sanduku lake, kwani sanduku jembamba hutaka kadi yenye bati fupi, na kadi yenye bati refu haitaingia hata akiibembeleza.

Mimi, nikiulizwa, husema kebo. Kompyuta ya mezani haihami kutoka chumba hadi chumba kama simu, basi haina udhuru wa kugombania hewa na simu za watoto na televisheni ya jirani. Fauka ya hayo, Ithaneti ni kitu kilichokomaa: ilibuniwa mwaka 1973 na Robert Metcalfe na David Boggs katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, California, na kanuni yake, iitwayo 802.3, ikatolewa mwaka 1983. Na kwa kuwa waliokuja baadaye waliichunga kanuni hiyo, kadi iliyotengenezwa miaka kumi na mitano nyuma na ruta iliyotolewa kwenye boksi jana hukutana katika waya mmoja, zikaulizana zenyewe mwendo wa kila mmoja, na zikaafikiana bila ya mtu kuingilia kati.

Tuianze basi kebo, ambayo inastahiki maneno mengi kuliko inavyopewa. Kwa nyumba na ofisi ndogo, kebo ya daraja la Cat5e yatosha, nayo hubeba gigabiti moja kwa sekunde kwa umbali usiozidi mita 100. Cat6 ni bora zaidi, walakini anayeuziwa Cat6 kwa bei ya kutupa na awe na hadhari, kwani sokoni kumejaa kebo ambazo nyuzi zake ni alumini iliyopakwa shaba kwa nje. Utazijua kwa wepesi wake mkononi, na ukiukwarua uzi mmoja kwa ncha ya kisu, ule wekundu wa shaba hutoka na weupe wa alumini ukadhihiri. Nyuzi hizo hukatika upesi zikikunjwa, na hupitisha umeme kwa uzito, hata kebo ndefu ikawa na hitilafu zisizo na mwisho. Na ikiwa nia yako ni kuvuta kebo kutoka nyumba moja kwenda nyumba nyingine kupitia hewani, basi usivute shaba asilani: radi ikipiga karibu wakati wa masika, umeme hujipenyeza katika waya huo ukaunguza kadi, swichi na ruta kwa pigo moja. Kati ya majengo mawili hupitishwa faiba, ambayo uzi wake wa kioo hauchukui umeme.

Ndani ya kebo mna nyuzi nane zilizosokotwa mbili mbili, na katika kuzibana kichwani ndipo mafundi wengi wanapoharibu. Utaratibu uliozoeleka, uitwao T568B, ukikishika kichwa ulimi wake ukiwa chini na matundu ya nyuzi yakikuelekea, huhesabiwa kutoka kushoto hivi: nyeupe yenye mstari wa chungwa, chungwa tupu, nyeupe yenye mstari wa kijani, samawati tupu, nyeupe yenye mstari wa samawati, kijani tupu, nyeupe yenye mstari wa kahawia, kahawia tupu. Msomaji ataona kwamba nyuzi mbili za kijani zimetenganishwa na za samawati zimekaa katikati yao, na atauliza kwa nini zisipangwe rangi na rangi yake, kijani kando ya kijani, kwa kuwa ndivyo macho yanavyopenda. Wako mafundi wanaofanya hivyo hivyo pande zote mbili za kebo, taa ikawaka, wakalipwa. Lakini kadi hutuma kwa uzi wa kwanza na wa pili, na hupokea kwa wa tatu na wa sita, na kila jozi lazima iwe imesokotwa pamoja, maana ni ule msokoto unaozuia sauti ya jozi moja isiingie katika nyingine. Ukizipanga kwa uzuri wa macho, wa tatu na wa sita hutoka katika misokoto miwili tofauti. Kebo ya mita mbili huweza kulistahimili kosa hilo, ya mita thelathini haitaliweza, na mwenye kompyuta atabaki akilaumu kampuni ya intaneti mwaka mzima.

Nalikuwa katika ofisi ya shule moja mjini Tanga, ambako karani, mama mmoja mwenye subira ya ajabu, aliniambia kwamba kompyuta yake imekuwa nzito tangu meza zilipohamishwa ili kupisha kabati jipya. Mwalimu mkuu alikuwa amekwisha kuandika barua ya kuomba mashine nyingine. Tulipofungua ukurasa wa hali ya kadi tukakuta imeandikwa megabiti 100 badala ya 1,000, na tulipoifuata kebo chini ya mkeka tukaona mguu wa kabati umeikalia. Sababu ni bayana kwa anayejua hesabu ya nyuzi: mwendo wa megabiti 100 hutaka nyuzi nne tu, ilhali gigabiti hutaka zote nane, hivyo ikikatika mojawapo ya zile nne zilizobaki, kadi haifi, bali aghalabu hurudi nyuma ikaenda kwa mwendo mdogo bila ya kumwarifu mtu. Kebo mpya ikachomekwa. “Na barua ya mwalimu je?” akauliza mama yule, akaikunja akaitia kwenye droo.

Kebo ikiwa salama, ichomeke mpaka usikie mlio wa ulimi unaponasa, kisha tazama taa mbili ndogo zilizo kando ya tundu. Moja huonyesha kwamba pande zote mbili zimeonana, na nyingine humeta kila data inapopita. Ikiwa hakuna inayowaka, usiguse mipangilio yoyote ya Windows, kwa maana hakuna la kupangilia. Badala yake jaribu tundu jingine la ruta, kisha kebo nyingine unayojua kuwa ni nzima, kisha kompyuta nyingine kwa kebo ile ile. Wakazi wa Zanzibar, Mombasa, Lamu na miji yote iliyo karibu na maji chumvi na wayatazame vilevile meno ya shaba yaliyomo ndani ya tundu, kwani hewa ya bahari huyafanya yaote ukijani, na mswaki mkavu wenye nywele laini, mashine ikiwa imezimwa na kuchomolewa umeme, huweza kuyarudishia nuru. Taa ikikataa baada ya hayo yote, iwashe mashine na kuingia katika mipangilio ya ubao mama, ambayo katika Dell nyingi hufunguliwa kwa kitufe cha F2 na katika HP nyingi kwa F10, uone kama kadi haikufungwa humo. Maofisi mengine huzifunga kwa usalama wao, na mashine ikauzwa hivyo hivyo.

Sasa taa inawaka, na Windows bado inasema hakuna mtandao. Hapa ndipo draiva inapoingia, yaani ile programu ndogo inayoufundisha mfumo lugha ya kadi. Shika kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi R, uandike devmgmt.msc, na utaletewa orodha ya vifaa vyote. Ukiona katika orodha hiyo kifaa cha mtandao kisicho na jina, chenye pembetatu ya manjano, basi draiva haipo. Usikimbilie kupakua zile programu zinazojidai kutafuta draiva zote kwa mpigo, kwani nyingi huja na masaibu yake. Fungua sifa za kifaa hicho, tafuta namba zake za utambulisho, na utakuta herufi VEN zikifuatwa na tarakimu nne: 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek, 14E4 ni Broadcom. Ukishalijua kabila la kadi, draiva hutafutwa katika tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta yenyewe kwa jina la modeli iliyoandikwa kwenye sanduku, si kwingineko.

Lakini utaipakuaje draiva ya mtandao ilhali mtandao huna? Swali hili limewafanya watu wengi wakate tamaa, na jawabu lake limo mfukoni mwao. Simu ya Android ikiunganishwa na kompyuta kwa waya wake wa USB, na ikaruhusiwa katika mipangilio yake kugawa intaneti kwa njia ya waya huo, Windows huiona kana kwamba ni kadi ya mtandao iliyokwisha kutiwa draiva, na papo hapo mashine hupata njia ya kutokea nje. Tumia njia hiyo kwa dakika chache, uchukue draiva, kisha uichomoe simu. Hadhari moja tu: Windows ikionja intaneti baada ya njaa ya siku nyingi hujipakulia masasisho yake bila ya huruma, na bando la wiki huweza kwisha kabla ya draiva kuwasili, basi mara tu baada ya kuunganisha, nenda katika mipangilio ya mtandao huo ukauweke kuwa mtandao unaopimwa, ili mfumo ujizuie.

Draiva ikitulia, tuje kwenye anwani. Kila kadi ina namba ya kuzaliwa nayo, yenye tarakimu na herufi kumi na mbili, ambayo nusu yake ya kwanza humtaja mtengenezaji, nayo kwa kawaida haibadilishwi. Lakini ili ipate kusema na ulimwengu huhitaji anwani nyingine, ya IP, ambayo kwa desturi hupewa na ruta. Andika cmd katika dirisha lile lile la kitufe cha Windows na herufi R, kisha ndani ya dirisha jeusi andika ipconfig /all. Ukiona anwani inayoanza na 192.168, au 10, au namba baina ya 172.16 na 172.31, basi ruta imetimiza wajibu wake, kwani hizo ndizo zilizotengwa kwa matumizi ya ndani. Ukiona inayoanza na 169.254, maana yake ni kwamba kadi iliomba, ikangoja, haikujibiwa, ikajitungia anwani yake yenyewe. Na anwani hiyo haimfikishi mtu popote nje ya chumba. Hapo andika ncpa.cpl mahali pale palipoandikwa devmgmt.msc, bonyeza jina la kadi kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua sifa zake, halafu sifa za IP toleo la nne, na uhakikishe kwamba imeambiwa ipokee anwani yenyewe. Kwani mashine iliyotoka ofisi nyingine mara nyingi huja ingali na anwani ya huko ilikotoka. Baada ya hapo andika ipconfig /release, kisha ipconfig /renew.

Kuna balaa moja linalostahili kutajwa peke yake, kwa kuwa limewasumbua mafundi wenye sifa. Mtu ana ruta mpya, na ile ya zamani akaona ni hasara kuitupa, akaichomeka kwenye mtandao ili atumie matundu yake. Hakujua kwamba nayo inagawa anwani kama ilivyozoea. Tangu siku hiyo nyumba ina wagawaji wawili, na kompyuta hupata riziki kutoka kwa yeyote aliyewahi kuitikia, leo ikafanya kazi, kesho ikakataa, bila ya kanuni inayoonekana. Dawa ni kuzima ugawaji katika ruta ya zamani na kuipa anwani isiyolingana na ya mwenziwe. Anayependa kuipa mashine anwani ya kudumu, kwa mfano ile inayoshikilia printa ya ofisi, na afanye hivyo, ila achague namba iliyo nje ya zile zinazogawiwa na ruta, la sivyo ipo siku vyombo viwili vitaidai anwani moja.

Anwani ikiwa sahihi, kadi hupimwa kwa amri ya ping, kwa mfuatano: kwanza 127.0.0.1, ambayo ni mashine kujiuliza yenyewe, kisha anwani ya lango, yaani ruta, kisha 8.8.8.8, seva ya majina ya Google iliyo mbali. Na mwisho jina la tovuti yoyote. Pale majibu yanapokatika ndipo penye ugonjwa. Ikiwa 8.8.8.8 inajibu na jina halijibu, basi waya, kadi na anwani vyote vi safi, na kilichoharibika ni huduma ya kugeuza majina kuwa namba. Rudi kwenye sifa zile zile uandike 8.8.8.8 na 1.1.1.1 mahali pa seva za majina.

Na hata hayo yote yakijibu, bado kurasa huweza kukataa kufunguka kwa onyo la kutisha kwamba muunganisho si salama. Kabla ya kumshuku mwizi wa mtandaoni, tupa jicho kwenye saa iliyo pembeni mwa skrini. Kompyuta kuukuu aghalabu huwa na betri iliyokufa kwenye ubao mama, ile ya duara iitwayo CR2032, na kila umeme unapokatika saa hurudi nyuma miaka mingi; tovuti hutoa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha, na mashine inayodhani kwamba tuko mwaka 2012 hukiona cheti hicho kuwa batili. Betri hiyo huuzwa kwa fundi saa yeyote.

Mambo mawili madogo ya kadi nayataja nikipita. Katika devmgmt.msc, chini ya sifa za kadi, kuna ruhusa ya kuizima ili kuokoa umeme. Iondoe, kwani kompyuta ya mezani haina betri ya kuhurumiwa, na kadi nyingi zinazolala hivyo huamka kwa shida. Na Windows ikikuuliza kama mtandao ni wa faragha au wa hadhara, faragha ni nyumbani na ofisini kwako tu.

Kwa yule ambaye kebo haimkiniki, ama kwa sababu ya mwenye nyumba au kwa sababu ya umbali, Waifai itamfaa maadamu aijue tabia yake. Bendi ya gigahezi 2.4 hufika mbali lakini ina msongamano. Ya gigahezi 5 ni nyepesi ila huchoka upesi kwenye kuta, na kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa za Mji Mkongwe au Lamu huikomesha kabisa, hivyo huko usikae vyumba viwili mbali na ruta ukatarajia miujiza. Adapta ya USB usiichomeke nyuma ya sanduku, ambako bati huikinga isisikie; itolee nje kwa waya wa nyongeza, iweke juu ya meza, na ikiwa ni ya bendi ya 2.4 ichomeke katika tundu la USB 2, kwa maana matundu ya USB 3 hutoa uvumi wa umeme katika masafa hayo hayo.

Limebaki moja. Iwapo ruta inajibu, na 8.8.8.8 haijibu, na simu ya jirani anayetumia kampuni ile ile nayo imekwama, basi tatizo limekwisha kutoka nyumbani mwako. Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za baharini zinazohudumia pwani yetu, SEACOM na EASSy, zilikatika baina ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Katika siku kama ile mtu huweza kubadili draiva, akafuta mipangilio, hata akanunua kadi mpya, na mtandao unaporudi akakuta mashine yake haifanyi kazi kwa makosa aliyoyatia mwenyewe. Siku kama hiyo ipigie simu kampuni yako, uzime skrini, na kadi usiiguse.